Jina Alilolinyamazia Mtoto

Tororo, Jumapili, 9 Februari 2025

Kwako Taaka, mwana wa dada yangu,

Pokea salamu kutoka chini ya jiwe la Tororo, ambalo bado liko pale pale. Nimelikagua asubuhi hii. Mimi mjomba wako ni mzima. Goti la kushoto tu ndilo linalojifanya mzee kabla ya mwenyewe. Kukhu wako Mugeni, mama yangu, kule Lunyo anakusalimu, anauliza kama hiyo shule ya Kenya inawapa chakula ama inawapa maombi peke yake. Bata wake wameongezeka. Na Erastus, mtoto wa marehemu kaka yangu, amepata binti kwa Patricia wake wiki iliyopita. Mtoto ana sauti kama honi ya trela. Huku kwangu vumbi la simenti limejaa kwenye bati mpaka nasubiri mvua moja nzuri, paa ligande, niitwe tajiri.

Sasa jambo lenyewe. Vile vitabu vitatu ulivyosahau chini ya kitanda changu Krismasi, nimevipata, na kimoja nimekimaliza. Usicheke. Mimi niliishia darasa la sita, lakini nimepeleka trela kutoka Mombasa mpaka Lubumbashi, na Kiingereza nakisoma vile nilivyokuwa naendesha: polepole kwenye kona, na nikikuta shimo nazunguka.

Taaka, huyu kijana Branwick wa kitabuni ana shida gani? Mtu amekufa miaka mia moja. Ana nguvu za kupindua lori. Anaweza kwenda nchi yoyote bila pasipoti wala kupanga foleni hapo mpakani Malaba. Na anachagua kwenda wapi? Sekondari! Anakaa darasani, anafanya hesabu! Mimi nilikuwa hai kabisa, na hesabu niliikimbia kupitia dirishani.

Halafu ni mzuri. Kila ukurasa tunaambiwa ni mzuri. Nywele, meno, kidevu. Mwanangu, mimi nimewahi kubeba jeneza kutoka Kigali hadi Eldoret, na tulilifungua mpakani kwa sababu ya askari. Sikuona kidevu cha kusifia. Na kwa nini hakuna bibi kizee anayerudi? Bibi mwenye pengo, anakuja dirishani kwa msichana, anamwambia nimekufa lakini nakupenda, umeanua nguo?

Lakini nilisoma mpaka mwisho, nisikudanganye. Redio imekufa, na Jumapili hakuna anayeleta tairi la kuziba. Nilijikuta nampigia yule msichana kelele, wewe, toka hapo, atakung'ata! Owor, jirani yangu anayeuza betri kuukuu, akaja mbio kuona nagombana na nani. Nikamwambia ni mambo ya wasomi.

Jambo moja limenishangaza. Nimepekua mwanzo wa vitabu vyote vitatu, na kote mama wa msichana hayupo. Mmoja amekufa, mmoja amehamia mji mwingine, mmoja anafanya kazi mbali. Kwa nini wanaandika hivyo? Ah. Wazungu wana mambo yao. Wewe soma kemia.

Barua anabeba Apendi, yule mama wa vitunguu anayevuka mpaka kila Jumanne. Jibu mpe yeye, langoni. Najua simu mmekatazwa, na mimi napenda barua. Inanifanya nionekane mtu wa ofisi.

Ni mimi, dereva mstaafu wa nchi saba,
Mjomba Mangeni


Busia, 2 Machi 2025

Mpendwa Mjomba,

Natumaini goti limepoa. Mimi sijambo. Chakula kipo, mwambie Kukhu, ila githeri ya hapa ni mahindi mengi na maharagwe machache sana, tunayatafuta kama tumeangusha shilingi. Nimekuwa wa nne darasani, na wa kwanza kwa Kiswahili, kwa hiyo naona makosa yako yote lakini nimekusamehe.

Usimseme Branwick. Bweni zima linampenda. Hapa bwenini kipo kingine kama hicho, kimoja tu, na sisi ni wengi, kwa hiyo tumekichana vipande vitano, kila msichana na kipande chake, halafu tunabadilishana. Mimi nilipata cha nne kwanza. Nilijua wanaachana kabla sijajua wamekutanaje. Ukisoma hivyo unakuwa na huruma hata pale wanapocheka, maana wao hawajui na wewe unajua.

Umeuliza kwa nini mama hayupo. Tumelijadili. Patience wa Budalang'i anasema ni kwa sababu mama akiwepo hakuna hadithi: msichana ataambiwa aingie ndani alale, basi. Lazima mama aondolewe njiani ndipo mambo yaanze. Wote wakacheka. Mimi pia.

Niliwaeleza vile tunavyofanya nyumbani mtoto mchanga akilia bila kuacha: Kukhu anambeba, anataja majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na jina atakalolinyamazia ndilo lake, maana huyo marehemu ndiye aliyekuwa anaomba kuitwa tena. Na kwamba mara nyingine marehemu anamjia mtu ndotoni kwanza, kumwomba jina. Na kwamba jina la mtu aliye hai halitajwi kamwe pale. Wakasema hiyo inatisha kuliko kitabu.

Mjomba, Apendi ameniambia mtoto wa Erastus alilia siku nyingi, Kukhu akamwitia majina, na akanyamaza. Nilipouliza ni jina gani, akaanza kupanga vitunguu upya. Ni jina gani? Na kuna habari zozote za Mama? Tangu ile simu ya mwisho kutoka Juba, nikiwa darasa la nane, alipokuwa akihamisha hoteli yake kwenda mji wa mbele zaidi, kila nikiandika nauliza, na kila ukijibu unasahau kujibu hapo.

Wako,
Taaka


Tororo, 23 Machi 2025

Taaka wangu, msomi,

Asante kwa salamu. Wa nne! Nimemwambia kila dereva aliyesimama hapa kujaza upepo. Mmoja Msomali ameomba picha yako akawaonyeshe watoto wake wavivu. Goti ni lile lile. Kukhu ni mzima. Mvua imeanza, na watu wa Lunyo wako shambani na majembe mpaka kijiji kinabaki kuku peke yake.

Nimemaliza kitabu cha pili, yule msichana anayeona mizimu ya watu waliozama. Nimekifikiria sana. Unajua kinachonisumbua? Haambii mtu! Anaona maiti imesimama jikoni, na yeye anakunywa maziwa, anakwenda shule, kimya. Kwetu msichana akiona mzimu saa mbili asubuhi, saa tatu shangazi wote wako uani, kila mmoja na maoni yake, na mmoja amekuja na kuku. Huwezi kuogopa vizuri hata ukitaka. Yule wa kitabu anaogopa peke yake kurasa mia tatu. Nilimwonea huruma kuliko hao waliozama.

Na wafu wao wanataka kupendwa. Kila mmoja anataka busu. Wafu wetu hawana tamaa hiyo, wao wanataka tu kuitwa. Kwamba jioni mtu asimame mlangoni aite jina lao, na mtoto fulani aitike, naam, nakuja. Nililifikiri hilo tairi likiwa kwenye maji, nikasahau tairi, mwenyewe akanitukana kwa lugha nne. Nikamjibu kwa tano.

Kuhusu jina la mtoto, wazee bado wanashauriana. Unajua wazee.

Likizo ya Aprili usije Lunyo. Nyumba ya Kukhu inavuja vibaya. Kaa hapo Busia kwa shangazi yako Harriet, umsaidie dukani. Agosti tutaona.

Ni mimi, mhakiki wa vitabu vya mashetani,
Mjomba Mangeni


Busia, 18 Mei 2025

Mjomba,

Salamu. Shangazi Harriet anakusalimu. Amenifundisha kupima sukari na kunyamaza wateja wakisema uongo. Watu wa huku wote wazima.

Nyumba ya Kukhu haivuji. Bati tuliliezeka Desemba, wewe na mimi. Ulikuwa unanishikia ngazi na kuimba vibaya.

Ni Ajambo, sivyo? Mtoto alinyamazia jina la Mama.

Hakuna aliyeniambia. Lakini shangazi alianza kunipa nyama kubwa, na kila nikiingia chumbani simu inakatwa. Mjomba, ungekuwa unasoma kitabu ungejua kabla yangu.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Silali. Nasoma hivyo vitabu kwa sababu vinaniweka macho. Nikimaliza kipande naomba kingine, hata kama ni cha hadithi tofauti, sijali tena nani anampenda nani. Darasani nasinzia, na mwalimu wa kemia amenisimamisha nyuma mara nyingi mpaka ukuta unanijua. Sababu ni hii. Nikilala, Mama anaweza kuja. Katika vitabu msichana analala akitamani aje, anaacha dirisha wazi. Mimi nafunga. Akija akiniomba jina, nitakuwa nimejua. Na nitalazimika kuwaambia. Kama haji, bado yuko mahali fulani anapika.

Unasema kwetu hakuna anayeogopa peke yake. Mimi niko hapa, Mjomba.

Nijibu hili moja. Mmekubali?

Taaka


Busia, 22 Juni 2025

Mjomba,

Sijapata jibu. Apendi anasema kibanda chako kimefungwa tangu mwezi uliopita, na mashine ya upepo umemwachia Owor. Owor amemwambia ulipanda lori la mtu mwingine, ukakaa kiti cha utingo, na goti lako hilo, mkaelekea kaskazini. Wewe uliyesema hutawahi kukaa kiti cha utingo hata ukifa.

Umeenda wapi? Kama ni kwa sababu ya barua yangu, nisamehe. Rudi tu.

Taaka


Tororo, 13 Julai 2025

Taaka, mwanangu,

Nimerudi. Ni mzima. Nimepungua, lakini nilikuwa na akiba ya kupunguza. Owor ameziba tairi za watu vibaya sana, mji wote unapiga pancha. Barua yako ya Juni niliikuta chini ya mlango. Nimeisoma nikiwa bado na begi begani.

Sasa nakwambia yote, kama vile yule wa kitabu alivyopaswa kufanya ukurasa wa kwanza na kutuokolea muda.

Mtoto alilia tangu kuzaliwa mpaka sauti ikawa kama msumeno. Mimi nilikuwepo siku hiyo. Kukhu alimbeba, akaanza kuita. Akamwita baba yangu. Akamwita kaka yangu, babake Erastus. Akamwita yule shangazi aliyeliwa na mamba na ambaye hatumtaji sana. Mtoto analia tu. Halafu nikasikia Kukhu anasema, polepole, Ajambo. Mtoto akakatika kulia kama mtu amezima injini.

Patricia alitaka kumchukua mtoto, akazuiwa. Erastus, na usimchukie, ni kijana mzuri na aliogopa kwa ajili ya mtoto wake, akasema basi Senge Benedeta, ndivyo anavyomwita mama yako, shangazi yake, amefika kwa wafu, tumlilie, tukate mgomba tuuzike mahali pake kwa kuwa mwili hatuna, tunyolewe, mtoto aitwe. Wote wakaniangalia mimi. Mimi ndiye mkubwa niliyebaki wa tumbo lile. Bila mimi kusema ndiyo, jina halifungwi.

Nikachukua kofia yangu nikaondoka. Sijarudi Lunyo mpaka leo. Mtoto ana miezi mitano, wanamwita Mtoto. Padri hawezi kumbatiza. Kukhu hapokei simu yangu. Kwa hiyo jibu la swali lako: hapana. Sijakubali.

Lakini usifikiri mjomba wako ni shujaa. Niliogopa. Barua yako ya Mei ilipofika nilisema, huyu mtoto halali, na mimi nimekaa hapa nachambua Branwick. Nikaenda kumtafuta. Nikapanda na dereva mmoja mdogo niliyemfundisha kazi, akaniita utingo njia nzima na kucheka mwenyewe. Nimule, mpakani, niliuliza. Juba niliuliza kila mahali mama wa Uganda na Kenya wanapopika: soko la Konyo Konyo, stendi, kando ya mto. Wewe unajua navyojisifu kwamba Juba naijua kama mfuko wangu. Mfuko ulikuwa na tundu. Hoteli yake ya zamani sasa wanauza magodoro. Mama mmoja Mganda alimkumbuka. Alisema, yule Msamia mkali wa kutia ukwaju kwenye samaki? Alikwenda mbele, huko maji yanakofunga barabara miezi mingi. Nikauliza, ulimwona lini? Akahesabu watoto wake kwa vidole, aliyezaliwa lini, akasema mwaka juzi au wa kabla yake. Mbele zaidi gari haliendi sasa. Nikarudi.

Ni hayo. Sina alama yoyote ya kifo chake, na ya uhai sina pia. Ningependa kukuletea moja kati ya hizo mbili, yoyote, mwanangu, na nimekuletea vumbi.

Agosti ukitaka kwenda Lunyo, nenda. Sitakuzuia tena kwa bati. Mimi siwezi kukaa pale nikiwaangalia wakisubiri neno langu.

Mjomba wako


Lunyo, 10 Agosti 2025

Mjomba wangu,

Salamu kutoka Lunyo. Mihogo imekomaa, bata wamekula mbegu za jirani na kuna kesi. Kukhu ananuna kila nikitaja jina lako, halafu anauliza kama umenenepa.

Nina mambo mawili.

La kwanza. Nilimuuliza Kukhu, tukiwa tunamenya mihogo, kwa nini alimwita Mama pale, na jina la aliye hai halitajwi. Nilifikiri atakasirika. Aliendelea kumenya, akasema: "Nilimwita ili mtoto aendelee kulia."

Sikuelewa. Akasema, "Miaka mitatu sijui mwanangu yuko upande gani. Hakuna wa kumuuliza. Nikasema hawa watoto wachanga wametoka huko, wanajua nani yupo na nani hayupo. Nikamwingiza Ajambo katikati ya wafu, nikawa nasikiliza kile kilio. Nilitaka niite, na mtoto alie, anikatalie. Ndiyo nilichotaka, Taaka. Anikatalie tu. Akanyamaza."

Mjomba, hakuwahi kumwambia mtu. Mmekuwa mkisubiri kukubali kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa akiomba kikataliwe.

La pili ni juzi Ijumaa. Mtoto alianza tena, kile kilio cha msumeno. Patricia alikuwa anapika, Erastus amekaa mlangoni ameshika kichwa. Nikambeba nikazunguka naye uani. Nilikuwa na hasira, sijui na nani. Nikaanza kumwitia majina. Si ya ukoo. Nilimwitia wote niliowasoma tangu mwaka jana: wale waliozama, yule msichana aliyegeuka kunguru, mwalimu asiye na kivuli. Analia tu. Nikasema, "Branwick."

Akanyamaza.

Erastus akasimama. "Umemwita nani hapo?"

"Branwick."

"Ni wa ukoo gani huyo?"

"Ni wa kitabuni."

"Ni marehemu?"

"Ndiyo, miaka mia moja. Lakini hakuwahi kuzaliwa."

Erastus akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto. Mtoto akatoa gesi kubwa kuliko mwili wake, na maziwa yote yakamwagika begani kwangu. Patricia akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Haya, Erastus! Kata mgomba umzike Branwick! Mnyoe na mtoto! Tangu Februari nasema huyu ana gesi, nani ananisikia? Mimi ni Mteso, si wa ukoo wenu, sijui kitu, mimi ni mama yake tu!"

Kukhu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, mpaka haikuwa kicheko tena. Nikakaa naye. Baadaye akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hatujui."

Nikasema, "Hatujui, Kukhu."

"Lile jina halikusema kitu."

"Halikusema kitu."

Akajifuta kwa kanga. "Afadhali," akasema. Halafu akasema, "Si afadhali sana."

Erastus anaomba uje. Hasemi kwa mdomo, lakini amesafisha ile pikipiki ya kukuchukulia Busia. Mimi nafungua shule tarehe ishirini na tano. Bado silali vizuri. Nilidhani nikishajua jina lile halikuwa kitu, usingizi ungerudi. Sasa naogopa vile vile, ila hakuna wa kumlaumu.

Taaka


Tororo, 31 Agosti 2025

Taaka, mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta darasani, mbele, si kwenye ule ukuta. Huku wote salama. Goti limekataa kupiga magoti kanisani, nimelipa ruhusa. Patricia anakusalimu sana, Erastus anakusalimu kwa aibu, na Kukhu ametuma mihogo mikavu ambayo Apendi amekula nusu njiani, najua, usimuulize.

Nilikwenda. Erastus alinibeba kwa pikipiki kutoka Busia mpaka Lunyo, njia nzima upepo tu. Nilipofika, Kukhu alikuwa mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno, unanijua, hotuba kamili ya mtu wa nchi saba. Akaniambia, "Umekonda. Kaa." Basi, hotuba ikaishia hapo.

Jioni tukakaa kuhusu jina. Wazee wakaanza tena, huyu, yule, shangazi wa mamba. Nikasema ngojeni, na nikafanya kitu ambacho hakuna mtu wa ukoo wetu amewahi kufanya, hata mimi nilijishangaa: nikamuuliza mama wa mtoto. Patricia akajibu bila kunyanyua kichwa, anasonga ugali, akasema, "Anaitwa Aanyu." Ni jina la dada yake aliyemfia Tororo wakiwa wadogo. Nikasema, tangu lini? Akasema, "Tangu siku ya pili. Nikimnyonyesha namwita hivyo. Huwa ananiangalia." Taaka, miezi sita sisi tumenuniana, mimi nimekwenda mpaka Juba, Kukhu amekunja roho, na mtoto ana jina lake anakula nalo, analala nalo. Erastus alifungua mdomo, nikamkazia macho. Neno langu nimelitoa. Anaitwa Aanyu. Padri atambatiza Jumapili ijayo.

Na jina la mama yako limebaki lake. Hakuna aliyelichukua.

Kitabu cha tatu nimekisoma, isipokuwa sura ya mwisho. Nimekifunga hapo. Yule msichana anajua atamwona tena mpendwa wake, kila mtu anayesoma anajua, hata Owor ambaye hajui kusoma aliniambia. Mwandishi amewaahidi. Nilikaa na kile kitabu mkononi, kibanda kimya, nikaona wivu. Mtu mzima, nina mvi masikioni, naona wivu kwa msichana wa karatasi. Sisi hatuna aliyetuahidi kitu. Ndiyo tofauti, mwanangu. Mengine yote, meno na videvu, ni mapambo.

Sasa nisikilize, maana hili sijamwambia mtu, na watu ninaowaambia mambo ni wengi kama unavyojua.

Mimi nimemwota mama yako. Si mara moja. Nilipolala juu ya matairi kule Nimule nilimwota, na hapa kwangu nimemwota mpaka nimezoea. Niliogopa kusema, kwa sababu ile ile unayoogopa wewe. Lakini hajawahi kuniomba jina, wala kuku, wala kitu. Siku moja alikuwa anakaanga samaki akanifokea kwamba nimekalia kitambaa chake. Siku nyingine tulikuwa wadogo na yeye amepanda juu ya ghala la mahindi, hataki kushuka, anacheka. Basi. Nikiamka nakaa pembeni ya kitanda na harufu ya samaki bado iko puani, na mji wote umelala, na hakuna wa kumwambia. Ni upweke mbaya ule, sikudanganyi. Lakini nisingekubali kuuuza kwa mtu.

Kwa hiyo usifunge dirisha. Hao wanaoota marehemu wakiwaomba majina, ni habari zao. Wewe akija mama yako, hajaja na ujumbe wa mtu. Unamkumbuka tu, na kichwa chako kimemtafuta kwa njia yake, kama mimi nilivyomtafuta kwa lori. Hutalazimika kumwambia Erastus wala Kukhu. Niandikie mimi, ukitaka. Na usipotaka, kaa naye mwenyewe.

Warudishie wenzako vipande vyao vya Branwick. Lala, Taaka. Akija, mwache akugombeze kidogo, na usiharakishe kuamka.

Mjomba wako,
Mangeni